Wakili wa Kesi za Jinai na za Familia Malindi na Kilifi: Anakotoka na Kazi Anayoifanya Kortini

Swali ninaloulizwa sana na watu wa huku kwetu, iwe ni sokoni Malindi au kwenye matanga kule Ganze, ni kuhusu sisi mawakili wenyewe. Wakili, nyinyi husomea nini hasa? Na vipi mtu mmoja asubuhi anatetea mshtakiwa wa mauaji, kisha saa nane mchana yuko kwenye kesi ya talaka?

Nitalijibu kwa mfano ambao kila anayekaa Pwani anaujua. Binti wa miaka 15 amepata mimba. Polisi wamefungua faili ya unajisi. Afisa wa watoto ana faili ya matunzo. Huku nyumbani wazee wa pande mbili wameshakaa kuzungumzia mahunda. Sheria inaziita kesi mbili tofauti, moja ya jinai na moja ya familia, na kikao cha wazee haikitambui kabisa katika jambo hilo. Lakini binti ni yule yule, na kila neno linalosemwa katika chumba kimoja litasikika katika kingine. Wakili anayeijua jinai peke yake, au familia peke yake, anaweza kushinda upande mmoja na kumwangamiza mteja wake upande wa pili.

Njia ya kuwa wakili

Kwanza ni shahada ya sheria chuo kikuu, miaka minne. Kisha Kenya School of Law iliyoko Karen, Nairobi, ambako mwanafunzi anafundishwa uendeshaji wa kesi, uandishi wa hati na maadili ya kazi, na mtihani wake husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Lazima pia akae miezi sita ofisini chini ya wakili mzoefu, akibeba mafaili na kukimbilia masjala ya korti. Akimaliza yote anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake linaandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo hajawa huru: cheti cha kufanya kazi kinachukuliwa upya kila mwaka, na asiye nacho mwaka huo haruhusiwi kusimama kortini hata kama ana mvi kichwa kizima.

Cheti hicho hakisemi popote kwamba fulani ni wakili wa jinai au wa familia. Kenya hatuna daraja hizo. Mtu huitwa wakili wa kesi kwa sababu ya mahali anapozishinda siku zake: kizimbani, akiuliza mashahidi maswali, badala ya ofisini akiandika mikataba ya kuuza viwanja. Kwa hiyo ukitaka kujua kama wakili anaijua kazi unayompa, muulize amesikiza kesi ngapi za aina hiyo mpaka hukumu. Wengi hawaulizi, wanaangalia gari.

Jambo ambalo chuo hakikunifundisha ni lugha. Bibi kutoka Marafa anatoa ushahidi kwa Kigiriama, karani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Kitakachosomwa na majaji wa rufaa miaka minne baadaye ni kile Kiingereza tu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, lakini haki hiyo haina maana kama tafsiri imekosea na hakuna aliyesimama kuipinga pale pale. Watoto wa Pwani, kwa adabu tuliyowalea nayo, hawataji sehemu za mwili. Mtoto atasema, "alinifanyia tabia mbaya." Mahakama zetu, mpaka ya Rufaa, zimeshakubali kwamba maneno kama hayo mtoto anaposema yanaeleweka. Hata hivyo kiongozi wa mashtaka mzuri hatamwachia hapo, na wakili wa utetezi mwenye heshima atajua jinsi ya kuhoji bila kumtia mtoto aibu ya pili.

Kesi ya jinai inavyokwenda

Mshukiwa akikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama saa hizo zimeishia usiku au wikendi. Ana haki ya kunyamaza. Narudia hili kwa sababu watu wetu wakishikwa hupenda kujieleza, na maelezo mengi ya kituoni hayajawahi kumsaidia mtu. Dhamana ni haki yake pia, hata kwa mauaji, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kumnyima.

Hapa tu familia imeshaingia. Swali la kwanza la hakimu katika ombi la dhamana huwa: huyu ataenda kukaa wapi? Kama mlalamishi ni mtoto wa nyumba ile ile, wakili asiyekuja na jibu atarudi mikono mitupu. Mimi huwa namtafuta mjomba au shangazi aliye mbali, tuseme Mariakani au Mtwapa, aliye tayari kumpokea mshtakiwa na kufika kortini kusema hivyo mwenyewe.

Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na Malindi tunayo. Lakini wizi wa mabavu, ambao adhabu yake katika sheria ni kifo, husikizwa na hakimu, na unajisi unaoweza kumpeleka mtu jela maisha husikizwa na hakimu vilevile. Nawasikia watu wakisema "ni korti ndogo tu, tutajitetea." Hakuna korti ndogo pale kifungo kinapoanzia miaka 15.

Kuhusu adhabu, mambo yamebadilika mara nyingi kiasi kwamba jamaa wa wafungwa wamechanganyikiwa, na siwalaumu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji. Magereza yakajaa matumaini, na wa wizi wa mabavu na wa unajisi nao wakaomba. Julai 2021 Mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Kisha Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi, hapa hapa kwetu, ikasema kifungo cha maisha kinakiuka Katiba na kumpa miaka 40 mtu aliyepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto mdogo. Uamuzi huo ulisomwa nchi nzima. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua na kukirudisha kifungo cha maisha. Hadi leo napokea mama anayeniletea habari ya 2023 kwenye simu na kuniuliza kwa nini mwanawe hajatolewa.

Unajisi, mimba na mahunda

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi za Kilifi huvunjika.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inapanga adhabu kwa umri wa mtoto. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini: kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Miaka 16 hadi 18: si chini ya miaka 15. Mahakimu na majaji kadhaa walikuwa wameanza kutoa vifungo vifupi zaidi, hasa pale mshtakiwa mwenyewe alipokuwa kijana wa miaka 19 au 20. Julai 2024 Mahakama ya Juu iliwaambia viwango hivyo ni vya lazima mpaka Bunge libadilishe sheria. Nimesimama na vijana ambao hata mama wa msichana alilia hukumu iliposomwa, na hakimu hakuwa na la kufanya. Nadhani Bunge lina deni hapo. Nadhani pia wengi wanaolalamikia sheria hii ni watu wazima wenye wake, wanaojificha nyuma ya vijana hao.

Sasa mimba imeingia, na wazee wameitana. Mshukiwa analeta fedha, baba wa msichana anapokea, kunaandikwa karatasi kwamba "tumemalizana". Huo mnaouita maslaha hauna nguvu yoyote katika kosa hili. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka si wa familia wala wa polisi wa kituo. Siku hizi uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hawezi, mzee wa kijiji hawezi. Kesi ya kugombana na jirani au shambulio dogo inaweza kupatanishwa mbele ya hakimu, hiyo sheria inaruhusu, lakini si unajisi. Na karatasi ile ya kumalizana, siku moja itakuja kuonyeshwa mahakamani kama ushahidi kwamba mshtakiwa alikuwa akinunua kimya.

Upande wa pili kuna matunzo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinamwekea kila mzazi jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mama mdogo anaenda korti ya watoto kudai matunzo, na kijana, akitaka kuonekana muungwana, anatia saini makubaliano kwamba mimba ni yake na atatoa kiasi fulani kila mwezi. Hakuna aliyemwambia kwamba msichana alikuwa na miaka 15, na kwamba amejiandikia kifungo cha miaka 20 kwa kalamu yake. Nimeyaona mafaili mawili ya mtu mmoja yakiwa na mawakili wawili wasiojuana: mmoja alikuwa akikana kila kitu mbele ya hakimu wa jinai, mwingine akikubali kila kitu korti ya watoto.

Kwa upande wa msichana hatari ni nyingine. Familia huambiwa, "ngojeni kesi ya jinai iishe kwanza." Kesi hiyo inaweza kuchukua miaka, na mtoto mchanga hangoji maziwa mpaka hukumu. Sheria haimlazimishi kungoja. Wala upande wa mashtaka haulazimiki kuleta kipimo cha DNA ili unajisi uthibitishwe. Kinachotakiwa ni umri wa mtoto, tendo lenyewe, na kumtambua aliyefanya. Korti inaweza hata kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiandika sababu za kumwamini. Kwa hiyo kama ni wewe mzazi: hospitali kwanza, kabla ya saa 72 ikiwezekana, asiogeshwe na nguo zisifuliwe. Kisha polisi, uchukue nambari ya OB na fomu ya P3. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki kiwe karibu, maana kesi nyingi hubishaniwa kwenye umri.

Wazee wanaouawa

Kilifi ina jeraha lake ambalo wakili wa Nairobi hatalijua kwa kusoma vitabu. Wazee wetu wanauawa kwa kuitwa wachawi, na wengine wamelazimika kukimbia miji yao, wakapata hifadhi Kaya Godoma huko Ganze. Nikifungua faili la mauaji ya namna hiyo, naanza na swali la mirathi: shamba ni la nani, na nani alikuwa akingoja nini? Mara nyingi washtakiwa ni wa ndani, watoto au wapwa, na shamba lina jina la babu aliyefariki zamani ambaye hakuna aliyewahi kwenda kortini kufuatilia mirathi yake.

Utetezi wa "tuliamini ni mchawi" hausaidii kama watu wanavyodhani. Tangu kesi moja iliyotoka Uganda mwaka 1951, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilisema imani pekee haitoshi kuyapunguza mauaji yawe kuua bila kukusudia. Lazima pawe na kitendo cha uchokozi kilichompandisha mtu hasira papo hapo. Kukaa kikao usiku na kupanga si hasira ya papo hapo. Na kuna kifungu kingine ambacho ningependa kisomwe kwenye kila baraza la chifu. Sheria ya Mirathi, Kifungu cha 96, inasema aliyemuua mtu harithi chochote kutoka kwake, na hukumu ya korti ya jinai inatosha kuwa ushahidi wa jambo hilo. Aliyeua kwa ajili ya shamba amelikosa shamba.

Shakahola nayo ilitufundisha kwamba jinai na familia hazitengani hata pale taifa zima linapotazama. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule. Februari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake 29 walifikishwa Mahakama Kuu Malindi wakashtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, wakakana. Hayo ndiyo yaliyotangazwa. Yasiyotangazwa sana ni kazi ya pembeni: familia zilizongoja vipimo vya DNA hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ikaanza kutolewa katika mochari ya Malindi, vyeti vya vifo ambavyo bila hivyo hakuna mirathi wala mjane anayetambulika, na watoto waliookolewa ambao wazazi wao walikuwa ama wamekufa ama wako rumande.

Ndoa, talaka na mirathi

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Zote zinataka miaka 18. Huku kwetu familia moja inaweza kuwa na tatu kati ya hizo chini ya paa moja, na kazi ya kwanza ya wakili ni kujua ni ipi tunayoivunja.

Kama pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko, mambo ya ndoa, talaka na mirathi yanaweza kusikizwa na Kadhi. Korti hii ilikuwa hapa Pwani kabla ya Kenya kuwepo, na kubaki kwake kulikuwa sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Sultani wa Zanzibar na serikali ya Kenya kuhusu ukanda wa maili kumi. Leo iko ndani ya Katiba, Kifungu cha 170. Kadhi hasikizi jinai. Mume akikupiga, talaka unaweza kuidai kwa Kadhi, lakini kipigo ni cha polisi na hakimu, na amri ya kumzuia asikukaribie unaiomba kwa hakimu chini ya sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani. Huhitaji kungoja talaka ili kuiomba. Wanawake wengi hawajui hilo, na wengine wameambiwa kinyume na watu waliopaswa kuwasaidia.

Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo. Mashekhe wengi hawakufurahi, na mjadala bado ni moto misikitini. Mimi kama wakili nawaambia wateja kitu kimoja: andikeni wasia na mgawanye mkiwa hai kadiri dini inavyowaruhusu, kuliko kuwaachia watoto vita.

Ndoa ya kimila inathibitishwa kwa mashahidi. Sheria haidai mahunda yote yawe yamelipwa; hata sehemu ya alama inatosha. Kwa hiyo nikiwa na mjane anayefukuzwa na mashemeji wanaodai "hakuolewa kamili", namtafuta mzee aliyekunywa kadzama siku ile, na namtaka aje mwenyewe kortini, si atume salamu. Kuhusu mali, sheria ya 2013 inahesabu kulea watoto, kulima na kutunza nyumba kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba nusu kwa nusu si ya moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Weka risiti, hata ya mabati.

Ukitafuta wakili

Hakikisha jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, uone kama ana cheti cha mwaka huu. Madalali wanaokaa nje ya lango la korti wakikuahidi "kuongea na hakimu" si mawakili, wanakuuzia hewa. Lipa upewe risiti. Mueleze wakili kesi zako zote, hata ile unayodhani haihusiani, na usishangae akikataa kukuwakilisha wewe na mumeo kwa pamoja, maadili yanamkataza. Akikudhulumu, kuna tume ya malalamiko na mahakama ya nidhamu ya mawakili.

Kama huna fedha, mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kwa makosa mengine unaweza kuiomba korti, kwa sababu Katiba inataka upewe wakili pale ambapo kukosa mmoja kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya kazi hiyo. Kituo Cha Sheria na FIDA wana ofisi Mombasa, na FIDA husaidia hasa wanawake na watoto.

Na hukumu ikikuendea vibaya kwa hakimu, una siku 14 za kukata rufaa ya jinai Mahakama Kuu. Jamaa huzimaliza wakichanga nauli na kubishana nani alaumiwe. Barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu iandikwe siku ile ile, ipigwe muhuri masjala, na mmoja wenu abaki na nakala kabla hamjapanda matatu.